Watu hodari, kazi inakwama: tatizo liko wapi?

Swali

"Nina miezi minane tangu nikabidhiwe kitengo cha zabuni katika kampuni ya ujenzi. Tuko 11 pamoja nami: wakadiriaji majenzi, wahandisi, watu wa ununuzi, mhasibu na mwanasheria. Karibu wote niliwachagua mwenyewe, na kila mmoja ni hodari kwenye fani yake. Lakini tukifanya kazi pamoja mambo hayaendi. Kikaoni wote wanasema 'sawa', tukitoka kila mtu anashika lake. Mwezi uliopita tuliwasilisha zabuni yenye bei za michoro ya zamani. Baadaye niligundua watu wawili walijua michoro imebadilishwa. Hakuna aliyesema. Tena nina mkadiriaji mmoja anayefanya kazi ya watu watatu, lakini hamfundishi mtu na anawakatiza wenzake wakizungumza. Mkurugenzi ananishauri nimwondoe huyo, niwapeleke waliobaki kwenye kambi ya siku mbili ya michezo ya kujenga umoja, kisha nianzishe zawadi ya mfanyakazi bora wa mwezi. Nifanye nini? Au tatizo ni mimi?"

Jibu

Swali lako lina mambo matatu: mkadiriaji hodari, ushauri wa mkurugenzi, na wewe mwenyewe. Yote nitayajibu, lakini naomba nianzie kwenye jambo uliloligusa na kuliacha: watu wawili walijua, na wote wawili wakanyamaza. Ukilielewa hilo vizuri, mengine yatakuwa mepesi kuyaamua.

Kwanza, jambo la haraka. Kama zabuni ile bado haijaamuliwa, kaa na mwanasheria wako leo msome masharti yake kuhusu kurekebisha au kuondoa zabuni iliyokwisha kuwasilishwa. Kushinda kazi kwa bei isiyolingana na michoro kunaweza kuiumiza kampuni kuliko kuikosa. Usingoje hadi umalize kutengeneza timu.

Sasa tuje kwenye timu. Nasikia uchungu katika maneno "niliwachagua mwenyewe". Uliamini kwamba ukikusanya watu bora utapata kitengo bora, na viongozi wengi makini huamini hivyo. Lakini uhodari wa mtu mmoja mmoja haujumlishwi kirahisi namna hiyo. Mwaka 2010 Anita Woolley na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti wa watu 699 waliofanya kazi mbalimbali katika vikundi vya watu wawili hadi watano. Kikundi kilichofanya vizuri kazi moja kilielekea kufanya vizuri na nyingine, lakini kiwango cha akili cha wanakikundi, cha wastani au cha yule aliyewazidi wote, kilieleza sehemu ndogo tu ya tofauti baina ya vikundi. Mambo yaliyojitokeza zaidi yalikuwa uwezo wa wanakikundi kutambua hisia za wenzao, na mazungumzo kuzunguka kwa wote badala ya kushikwa na wachache.

Kampuni ya Google, yenye uwezo wa kuajiri karibu yeyote imtakaye, nayo ilianza mwaka 2012 kuchunguza timu zake zipatazo 180. Watafiti walitarajia kukuta mchanganyiko fulani wa watu wenye vipaji na tabia maalumu. Hawakuukuta. Kilichozitofautisha timu ni namna wanatimu walivyotendeana kazini, na jambo lililotangulia mengine yote lilikuwa hili: je, mtu anajiona yuko salama kuuliza, kukiri kosa au kupinga wazo mbele ya wenzake? Sisemi ujuzi hauna maana. Asiyejua kukadiria hatakadiria vizuri kwa sababu tu wenzake ni waungwana. Ninachosema ni kwamba ujuzi unao tayari, kwa hiyo kuongeza au kupunguza watu hakutakuponya.

Hebu keti kwenye kiti cha mmoja wa wale wawili. Kikao kinaendelea. Mkadiriaji hodari anasoma bei, wewe unatazama saa, tarehe ya mwisho ni keshokutwa. Yeye anakumbuka kuona barua pepe ya msanifu yenye michoro mipya. Akisema, gharama ataibeba yeye, sasa hivi, mbele za watu: pengine michoro hiyo ilishashughulikiwa na ataonekana hafuatilii, pengine atakatizwa, pengine wenzake watanuna kwa kuwa amewaongezea usiku mbili za kukesha. Asiposema, hasara itawaangukia wote, itakuja baadaye, na huenda isije kabisa. Basi anafunika kombe mwanaharamu apite. Huyu si mvivu wala hana chuki na kampuni. Amepiga hesabu ambayo karibu kila binadamu angeipiga, na tarakimu za hesabu hiyo amezipata humo humo chumbani: nani hukatizwa, nani huchekwa, bosi hukunja uso lini.

Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alikutana na jambo hili hospitalini miaka ya 1990. Alikuwa akichunguza makosa ya utoaji dawa, akitarajia kwamba wodi zenye timu nzuri zaidi zingekuwa na makosa machache zaidi. Takwimu zikamwonyesha kinyume: timu zilizoongozwa vizuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyoandikwa. Alipochimba zaidi akaona maelezo yaliyo karibu na ukweli: timu hizo hazikuwa zikikosea kuliko nyingine, bali watu wake walikuwa tayari kuyasema makosa yao. Mwaka 1999 akachapisha utafiti wa timu 51 katika kampuni moja ya kiwanda, ukionyesha kwamba pale watu walipojiona salama kusema, timu ilijifunza zaidi, na kwa kujifunza ikafanya kazi vizuri zaidi. Ndiyo maana hiyo "sawa" ya kikaoni kwako inanitia hofu kuliko ugomvi ambao ungeniandikia.

Lakini tafadhali usikimbilie kuamua kwamba waliogopa. Kuna maelezo ya pili yasiyohitaji woga wowote. Mwaka 1985 Garold Stasser na William Titus waliwapa watu taarifa kuhusu wagombea, nyingine wakizipata wote kikundini, nyingine zikiwa mikononi mwa mmoja mmoja tu. Vikundi vilipokaa kujadiliana vilirudia rudia yale ambayo kila mtu alikwisha kuyajua, na taarifa za mtu mmoja zikabaki kwake hata pale ambapo kuziunganisha kungebadili uamuzi. Mazungumzo ya kikundi huelea juu ya kile ambacho wote wanakijua. Na kwako walikuwa wawili, jambo linalozidisha hatari, maana kila mmoja angeweza kujiambia, "Hili lazima limeshasemwa."

Sababu hizi mbili zinatibiwa tofauti, kwa hiyo uliza. Zungumza na kila mmoja peke yake, mahali pasipo na macho ya watu, na mwanzoni kabisa umwambie hakuna adhabu itakayotokana na mazungumzo hayo. Kisha uitimize ahadi hiyo hata utakachosikia kikikuuma. Usimuulize "kwa nini hukusema?", kwa sababu swali hilo linamweka kizimbani na atajitetea. Muulize, "Siku ile ulidhani nani tayari anajua?" Halafu, "Kama ungesema, ulidhani nini kingetokea?" Ukijibiwa "nilidhani mmeshaona", una tatizo la mpangilio, na hilo linaweza kurekebishika ndani ya wiki chache. Ukijibiwa "unajua mwenyewe jinsi fulani anavyojibu", au ukimya mrefu, una kazi ya miezi.

Kwa vyovyote vile, badilisha namna ya kuendesha kikao. Maswali kama "tuko sawa?" na "kuna swali?" yanaomba ndiyo, na ndiyo ndiyo unayopewa. Uliza badala yake, "Nini kimebadilika tangu tulipokutana mara ya mwisho?" na kila mtu ajibu kwa zamu, ukianzia kwa wenye vyeo vya chini, wewe ukiwa wa mwisho. Bosi akishatamka maoni yake, wengine wengi hubadilisha ya kwao kimyakimya kabla hayajafika mdomoni. Mtu akianza kukatizwa, zuia hapo hapo kwa sauti ya kawaida: "Subiri, amalize." Hayo maneno mawili, ukiyasema kila mara bila kuchagua mtu, yatafanya kazi kuliko hotuba yoyote ya umoja.

Ulimwengu wa ndege ulijifunza hili kwa gharama kubwa mno. Tarehe 27 Machi 1977 ndege ya KLM na ya Pan Am ziligongana kwenye barabara ya kurukia katika kisiwa cha Tenerife, watu 583 wakafa. Ndani ya ndege ya KLM, iliyokuwa imeanza kukimbia ili iruke, mhandisi wa ndege aliuliza kama ile nyingine ilikuwa imekwisha kutoka njiani. Rubani, mmoja wa marubani wakuu wa shirika lake, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakusisitiza. Ajali ile ilikuwa na sababu nyingi, ukungu na mawasiliano mabovu ya redio zikiwamo, lakini yeye alikuwa ameuliza swali lenyewe hasa. Miaka iliyofuata mashirika ya ndege yakaanza mafunzo ya kushirikiana chumba cha marubani, na mafunzo hayo yana pande mbili: wadogo wanafundishwa kusema kwa uwazi, na wakubwa wanafundishwa kupokea. Upande wa pili ndio ofisi nyingi huusahau. Zinawahimiza watu "wawe huru kuzungumza", halafu anayezungumza anaondoka akijuta.

Ndiyo maana siku atakapokuja mtu wa kwanza na habari mbaya, wenzake wote watakuwa wanausoma uso wako. Mwambie, "Asante kwa kuniambia mapema. Tunahitaji nini ili kurekebisha?" Mambo ya nani alikosea yangoje. Na usichanganye jambo hili na ulegevu. Tarehe ya mwisho inabaki tarehe ya mwisho, kazi mbovu inarudishwa, na mtu anayerudia uzembe uleule anaambiwa hivyo waziwazi. Kilicho salama ni kusema. Kufanya kazi hovyo hakujapewa kinga.

Sasa nikuulize jambo ambalo huenda hukulitarajia: je, hao watu 11 ni timu kweli? Nikisoma maelezo yako naona mhandisi akimaliza anamkabidhi mkadiriaji, mkadiriaji anawakabidhi watu wa ununuzi, mhasibu anajumlisha, mwanasheria anapitia masharti. Kila mtu anamiliki kipande, na zabuni yenyewe haina mwenyewe. Mtu aliyeona michoro mipya hakuona kitu chake kikiharibika, kwa sababu kipande chake kilikuwa sawasawa.

Richard Hackman, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake Harvard akichunguza timu, kuanzia marubani hadi wanamuziki wa okestra, alishikilia kwamba kiongozi hawezi kuilazimisha timu iwe nzuri. Anachoweza ni kuweka mazingira yanayoongeza uwezekano huo. Awepo anayejulikana kuwa ndani na anayejulikana kuwa nje. Pawe na lengo lililo wazi na lenye uzito. Kazi na kanuni za mwenendo zipangwe vizuri, taasisi itoe zana na taarifa, na pawe na mtu wa kuwaelekeza wakikwama. Alikadiria kwamba asilimia 60 ya mafanikio ya timu huamuliwa na maandalizi kabla watu hawajakutana, 30 na namna timu inavyozinduliwa, na 10 tu na maelekezo ya kiongozi kazi ikiwa inaendelea. Usizichukulie hizo kama vipimo vya maabara. Ni makadirio ya mtu aliyeona timu nyingi. Hata hivyo yanaeleza kwa nini unachoka. Nguvu zako zote umezipeleka kwenye ile 10.

Anza na ukubwa. Watu 11 wana njia 55 za mawasiliano kati ya wawili wawili. Watu watano wana 10. Zabuni moja haihitaji watu 11 mezani muda wote. Kwa kila zabuni, teua kiini cha watu wanne au watano: mkadiriaji, mhandisi, mtu wa ununuzi, na mwingine kadiri kazi inavyodai. Mhasibu na mwanasheria waitwe katika hatua zilizokubaliwa tangu mwanzo. Kisha mpe mmoja wao zabuni hiyo iwe yake, jina lake liandikwe juu, naye awe na mamlaka ya kweli ya kusema "hatuwasilishi mpaka hili likae sawa". Ukimpa jina bila mamlaka, umemtafutia lawama tu.

Kundi dogo lina faida nyingine. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, alipima watu wakivuta kamba na kuona kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo mchango wa kila mmoja ulivyopungua. Sehemu ya hasara hiyo ni kutovuta kwa pamoja, lakini mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake walionyesha, kwa kuwataka watu wapige makofi na kelele, kwamba sehemu nyingine ni kujilegeza. Tafiti zilizofuata zikaona kujilegeza kunatoweka mchango wa kila mtu unapoweza kutambulika. Kwa hiyo kila sehemu ya zabuni iandikwe aliyeitayarisha na aliyeikagua, mtu tofauti.

Kikao cha kwanza cha kila zabuni kisiwe cha kugawana kazi peke yake. Semeni tunataka nini kwenye kazi hii, faida ya chini tunayoweza kukubali ni ipi, nani ana neno la mwisho kuhusu bei, mabadiliko ya michoro yanapokelewa na nani na yanaandikwa wapi. Kila mmoja aseme sehemu yake kwa mdomo wake, na hatari moja anayoiona. Msidharau jambo hilo dogo. Orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ambayo pamoja na mambo mengine huwataka walio chumbani wajitambulishe kwa jina na kazi kabla ya kisu kugusa ngozi, ilijaribiwa katika hospitali 8 za nchi mbalimbali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ile ina vipengele vingine vingi, na sifa zote haziwezi kwenda kwenye kutajana majina. Lakini mtu aliyekwisha kutoa sauti mara moja chumbani humwia rahisi kuitoa tena.

Weka pia kikao katikati ya safari. Connie Gersick, katika utafiti wake wa mwaka 1988, alifuatilia vikundi 8 vya kazi na kuona kwamba kila kimoja kilibadilisha mwelekeo wake kwa nguvu karibu na nusu ya muda kilichopewa, muda huo uwe mfupi au mrefu. Wakati huo watu wako tayari kubadilika na bado kuna nafasi ya kubadilika. Zabuni ikipewa siku 20, siku ya 10 kaeni mlinganishe michoro, idadi na bei, toleo kwa toleo. Nadhani kosa lile la mwezi uliopita lingekamatwa hapo.

Mkishawasilisha, tengeni nusu saa ya tathmini, mshinde au mshindwe. Tulipanga nini, kilitokea nini, tofauti imetoka wapi, safari ijayo tutabadilisha kitu gani kimoja. Scott Tannenbaum na Christopher Cerasoli walikusanya tafiti nyingi za tathmini za aina hii mwaka 2013 na kukuta huinua utendaji kwa takribani asilimia 20 hadi 25. Kwa nusu saa ya watu watano, sijui uwekezaji mwingine wa ofisini unaolipa hivyo. Kuna sharti moja: msitafute mchawi. Wakianza kutajana majina kwa lawama, tathmini ya pili watakuja wamejifunga midomo.

Kuhusu mkadiriaji wako. Mkurugenzi anasema aondoke, na wewe, nadhani, unaogopa kumpoteza. Hofu zote mbili zina haki. Mtu anayewakatiza wenzake anaigharimu kampuni kwa namna isiyoonekana kwenye taarifa ya mwezi: maswali ambayo hayakuulizwa, vijana ambao hawakujifunza. Lakini jiulize ni nani aliyemfundisha kufanya hivyo. Kama miaka yote amesifiwa kwa wingi wa zabuni alizomaliza mwenyewe, basi anacheza vizuri mchezo mliompa. Steven Kerr aliandika mwaka 1975 kuhusu upumbavu wa kutuza jambo moja huku ukitarajia jingine, na ofisi zimejaa mifano yake. Usimhukumu kwa kipimo ambacho hujawahi kumwambia.

Mwite peke yake, mueleze matukio, sio tabia. "Jumanne ulimkatiza mwenzako mara tatu alipokuwa anaeleza bei za chuma, na sehemu hiyo hatukuirudia." Ukimwambia "wewe ni mjeuri" mtabishana kuhusu moyo wake, na hapo huna ushahidi. Mwambie kuanzia sasa kazi yake inahesabiwa kwa vitu viwili: makadirio yake, na kama kuna mwingine kitengoni anayeweza kukadiria kazi ya ukubwa huo bila yeye. Mpe mtu wa kumfundisha, kwa jina, na mpunguzie mzigo kwa kiasi hicho. Huwezi kumtaka afundishe huku akiendelea kubeba kazi ya watatu. Huenda anaficha ujuzi kwa kuhofia akishaugawa hatakuwa na thamani. Mwondolee hofu hiyo kwa maneno na kwa vitendo.

Mpe zabuni tatu. Wengi wa aina yake hubadilika wakiona kwamba unawaheshimu na kwamba hutayumba. Asipobadilika, itakubidi uchague, na sitakudanganya kwamba uchaguzi huo hauna maumivu. Unaweza kumpa kazi za ukadiriaji anazozifanya peke yake, nje ya viini, ukakosa mchango wake mezani. Unaweza kumwachia aende, ukapungukiwa kwa miezi kadhaa. Kumbakiza kama alivyo ndilo ningelikataa, kwa sababu wengine tisa wanangoja kuona kama kanuni zako zinawahusu na wenye vipaji.

Kambi ya michezo sina ugomvi nayo, ila haigusi ugonjwa wako. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na Cameron Klein na wenzake mwaka 2009 ulionyesha kwamba shughuli za kujenga timu husaidia kiasi, na zinazosaidia zaidi ni kuweka malengo na kufafanua majukumu. Mkurugenzi akishatenga fedha za siku mbili, zipokee kwa shukrani, siku ya kwanza mpange upya namna mnavyotengeneza zabuni, ya pili mcheze mpendavyo. Zawadi ya mfanyakazi bora wa mwezi ndiyo ningeipinga kabisa. Katika kazi inayotegemeana kama yenu, mtu mwenye taarifa muhimu atakuwa na sababu mpya ya kuishikilia. Kama lazima pawe na zawadi, iwe ya kiini kizima, kwa zabuni iliyokamilika bila kosa, ishinde au isishinde, kwa maana ushindi unategemea na washindani msiowadhibiti.

Je, tatizo ni wewe? Sehemu yake, ndiyo, kwa maana kwamba unayoweza kubadilisha kesho asubuhi yako mikononi mwako: namna unavyouliza, unavyopokea, unavyogawa kazi. Sehemu nyingine iko juu yako. Chunguza mkurugenzi anakupima kwa kipimo gani. Akikupima kwa idadi ya zabuni zinazotoka kila mwezi, kitengo kitaendelea kukimbizana hata ukifanya yote niliyoandika. Nenda kwake na zabuni ile ya michoro ya zamani, umwonyeshe hatari mliyojiingiza, umuombe muda wa kuandaa zabuni chache kwa umakini zaidi. Na asikuambie mtu kwamba timu hupitia hatua za kuvutana na zitapita zenyewe. Hatua hizo zilitajwa na Bruce Tuckman mwaka 1965 baada ya kupitia tafiti za wengine, nyingi zikiwa za vikundi vya tiba, wala hazikuwa ahadi kwamba kila kikundi hufika mwisho wake. Miezi minane inatosha kungoja.

Yapo mambo ambayo ushauri wa maandishi hauwezi kuyabeba. Kama katika mazungumzo yale ya faragha mtu atakueleza matusi, vitisho au kudhalilishwa, liondoe suala hilo kwenye meza ya "timu" na ulipeleke idara ya rasilimali watu siku hiyo hiyo. Ukipata dalili kwamba ukimya ule ulitokana na mtu kunufaika, mfano bei zinavuja kwa washindani au mgavi fulani anapendelewa, usifanye uchunguzi wako mwenyewe. Mwone mwanasheria na wakaguzi wa ndani kabla hujamuuliza mtu swali la pili. Ukifikia kumhamisha au kumwachisha kazi mkadiriaji, pata kwanza ushauri wa mtu anayeijua sheria ya kazi ya nchi yako, na uwe na kumbukumbu ya maandishi ya kila mlichokubaliana. Na ikiwa baada ya zabuni tatu watu bado wanasema "sawa" kikaoni na hakuna anayekuletea habari mbaya, tafuta mwezeshaji kutoka nje ya kampuni aketi nao bila wewe kuwepo. Mwambie mapema kwamba hutadai kujua nani alisema nini, ila yale yaliyosemwa uyapate yote.